Mafuta ya Bunduki Zisizokuwepo

Kila niliyewahi kumfungulia sanduku langu ameniuliza swali lilelile, na nimechoka kulijibu. Anatazama makopo ya bati, minyororo myembamba, brashi zilizobaki nywele chache, vichupa vya shaba, halafu anainua macho na kuuliza bunduki zenyewe ziko wapi. Hakuna bunduki. Sijawahi kuwa nayo hata moja. Mimi ni fundi wa cherehani, mwanamke wa miaka sitini na ushei, magoti yananiuma nikipanda kilima na yananiuma zaidi nikishuka. Ninakusanya vyombo vya zamani vya kusafishia bunduki za askari, kama wengine wanavyokusanya vikombe vya kuwekwa kabatini ambavyo hakuna anayevinywea. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele ya kuchekesha ni machache.

Kopo la kwanza lilikuwa la baba. Alikuwa askari ujanani, lakini askari wa aina isiyosimuliwa: kazi yake ilikuwa kukaa stoo na kusafisha bunduki za wenzake wakirudi. Alipotoka jeshini alirudi kwetu Masisi na kopo moja tu, bapa, la ukubwa wa kiganja, lenye midomo miwili. Mdomo mmoja ulikuwa wa mafuta mepesi, wa pili wa dawa ya kutoa masizi. Juu ya kila kifuniko palikuwa na herufi ya lugha ambayo hakuna mtu kijijini aliyeijua. Shamba halikumtosha, kwa hiyo akajifunza kutengeneza cherehani, na kopo la bunduki likawa kopo la cherehani. Mimi alinifundisha kazi hiyo kwa sababu nilikuwa karibu na nilikuwa na vidole vyembamba.

Alinifundisha na ile kazi yake ya zamani pia, kwa kutumia bomba la chuma, maana bunduki hatukuwa nayo. Kamba yenye kitonge cha shaba unaidondosha ndani ya bomba, kitambaa unakiweka kwenye kitanzi cha nyuma, unavuta mara moja bila kusimama katikati. Ukisimama katikati, alikuwa akisema, unaacha uchafu wote pale uliposimama. Nilidhani ni mchezo wa mzee aliyekosa la kufanya, nikavuta kwa kumfurahisha.

Siku moja, nikiwa na miaka minane hivi, niliangusha kopo lake juu ya jiwe la kusagia. Likabonyea ubavuni, kibonde kidogo cha kuingia kidole gumba. Nikasimama nikingoja kipigo. Baba aliliokota, akaweka kidole gumba chake kwenye kile kibonde, akasema basi, sasa limepata pa kushikia. Tangu siku hiyo alilishika hivyo mpaka alipofariki, na mimi baada yake nikalishika hivyohivyo. Kidole changu kilikuwa kinaingia pale bila kuulizwa.

Makopo mengine yalikuja yenyewe. Mafundi wa kushona wa vilimani wanajua kwamba vikopo vya mafuta vya sokoni huvuja na kuharibu kitambaa cha mteja, lakini la askari halivuji hata likilazwa kichwa chini. Kwa hiyo nilikuwa nayakuta mezani kwao, kando ya mkasi. Nilikuwa nikizunguka kwa miguu na kwa pikipiki, nikirekebisha mashine zilizokanyagwa miaka thelathini, na kila mahali nilikuta kitu. Mama mmoja karibu na Nyamitaba nilimkuta akisugua shingo ya kibuyu cha maziwa kwa brashi ya mtutu. Nilipomwambia brashi ile ilitengenezwa kwa kazi gani, aliitazama, akaitazama tena, akasema maziwa hayajawahi kulalamika. Nilimletea brashi mpya ya chupa, akanipa ile.

Kwa nini nilikusanya? Nimeulizwa na watoto wangu, na mchungaji, na shangazi aliyedhani nimerogwa. Jibu la kweli ni kwamba vilinipa raha kidogo. Vitu vyote vya vita nilivyowahi kuviona vilikuwa vya kuharibu, ila hivi vilikuwa vya kutunza. Mtu aliyekaa na kopo kama hili alikuwa amekaa chini, ametulia, anapangusa kitu. Nilipenda kumwaza askari amekaa chini. Ni sababu ndogo, najua, lakini sikuwa na nyingine.

Pinga, upande wa Walikale, ndiko nilikopewa sharti. Kule watu wa msitu ni wakulima na wawindaji, na katika nyumba moja alikuwa amekufa mwindaji aliyeacha kichupa cha shaba chenye kijiko chembamba kilichoungwa kwenye kifuniko. Hakuna aliyejua kilivyofika huko. Kaka yake mkubwa alikubali kunipa, lakini kwa desturi ya ukoo wao: chombo cha mwindaji aliyekufa hakivuki mlango kimya. Anayekitoa anasimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, anataja jina la marehemu kwa sauti. Anayekipokea anajibu kwamba amelisikia, na kuanzia hapo jina na chombo havitengani. Wote ni Wakristo, Jumapili wanajaza kanisa, na hakuna aliyeona ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

“Utachunga jina yake?” yule kaka aliniuliza.

“Nitaichunga, papa.”

“Na siku utasahau?”

“Sitasahau. Nitaandika.”

Nilijiona nina akili sana. Karatasi huliwa na mafuta na mende, kwa hiyo nilikata kipande cha popelini nyeupe, vidole viwili kwa viwili, nikaandika kwa kalamu ya bluu jina la marehemu, kijiji, na nyumba iko upande gani wa kanisa, nikakishona kwa uzi kwenye kamba niliyoifunga shingoni mwa kichupa. Kilipendeza. Basi nikafanya hivyo kwa vyombo vyote. Nilirudi kwa kila aliyenipa, nikamwomba ataje jina la mwenye chombo, nikaandika, nikashona. Mimi ni mtu wa mpangilio, na mpangilio wangu huu ndio ulionipeleka pabaya.

Vilikuwa kumi na tisa, bila kuhesabu kopo la baba. Hilo sikulishonea kitambaa. Mtu hamwandikii baba yake jina ili asimsahau.

Kati ya hao kumi na tisa nitamsimulia mmoja, mume wa mjane wa Nyamitaba. Mjane huyu alikuwa mshonaji, mwenye cherehani ya kukanyaga na kopo la midomo miwili ndugu kabisa na la baba. Mumewe alikuwa amelipata ujanani kwa askari mmoja na kulitumia kutia mafuta bawaba, kufuli, baiskeli, kila kitu kinacholia. Alifariki wakiwa njiani wanakimbia, akazikwa haraka kwenye mteremko ambao si wao, na msalaba wa mti ulioandikwa jina lake ulishaoza. Mjane alinipa kopo kwa sababu mikono ilikuwa inamtetemeka na alikuwa anataka kuacha kushona. Nilipoandika jina la mume wake kwenye popelini alikuwa ameinama juu ya mkono wangu. Nilipomaliza alipitisha kidole juu ya herufi moja moja, polepole, kama anayehesabu mishono.

“Dada,” akasema, “hapa njo fasi moja tu jina yake iko imeandikwa. Dunia nzima.”

“Itakaa mahali hapa,” nikasema.

“Usiitoe, dada.”

“Siitoi.”

Kila chombo nilikuwa nimekitolea ahadi kufuata desturi ya watu wengine. Hii nilimtolea mwanamke aliyekuwa ananitazama usoni, nayo ilinilemea kuliko nyingine zote.

Halafu ukaja msimu ule wa kukimbia. Sisemi mwaka, maana misimu ya namna hiyo imekuwa mingi na mimi mwenyewe naichanganya. Nilikuwa Pinga kwa kazi, na sanduku nilikuwa nalo kwa sababu sikuthubutu kuliacha nyumbani likaibwa. Milio ikasogea, asubuhi moja watu wakaanza kufunga magodoro. Nilipata pikipiki, dereva wake mtu mzima mwenye mvi ndevuni, nikapanda na begi moja la nguo, mfuko wa bisibisi, na sanduku mapajani. Jirani mmoja aliyekuwa amebeba sufuria tatu kichwani alinisimamisha njiani.

“Mama Fundi, unakimbia bunduki na unabeba mafuta yake?”

Nilikumbatia sanduku, nikamwambia dereva aondoke.

Saa sita mchana, tukishuka upande wa Masisi, tukafika kwenye bariere, kizuizi cha watu wenye silaha. Sitasema watu wale walikuwa wa upande gani. Nimesimamishwa kwenye bariere nyingi mno, na mwanzi uliolazwa barabarani ni mwanzi tu, awe ameulaza nani. Walikuwa wanaume wanne, na kando yao mbabula, jiko la bati la makaa, wenye mahindi manne juu yake. Aliyeonekana mkubwa wao alikuwa amevaa koti la mvua la kijani, ingawa jua lilikuwa linawaka. Alifungua begi, akafunga. Alifungua mfuko wa bisibisi, akafunga. Alifungua sanduku, akaacha wazi.

“Mama, iko nini humu?”

“Vyombo vya kusafisha bunduki, shefu. Vya zamani.”

“Na bunduki iko wapi?”

“Haiko.”

“Haiko namna gani? Muntu ananunua sabuni na hana nguo?”

Wenzake walicheka. Siku nyingine ningecheka nami, maana nilishaulizwa mara nyingi lakini si kwa ufundi kama ule. Aliinua kopo moja, kitambaa kikaning’inia mbele ya macho yake.

“Na hapa wameandika nini?”

Nilifungua kinywa kumweleza, kwa majivuno yangu yaleyale, na papo hapo nikaona alichokuwa ameshika. Hakikuwa kumbukumbu tena. Ilikuwa orodha. Majina kumi na tisa, vijiji kumi na tisa, na nyumba iko upande gani wa kanisa. Kwa mtu anayeamini kwamba penye sabuni lazima pawe na nguo, nilikuwa nimemwandikia kwa mkono wangu mahali pa kwenda kutafuta bunduki kumi na tisa. Na katika kila nyumba alikuwepo mjane, au ndugu, au mwana wa marehemu, wa kupigwa mpaka atoe bunduki ambayo hana. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili yangu mwenyewe.

Yule wa koti la mvua aligeuza kitambaa juu chini, akakigeuza tena, nikaelewa kwamba hajui kusoma. Nikamshukuru Mungu, lakini shukrani haikudumu.

“Komanda amekwenda kuoga mutoni,” akasema. “Akirudi atasoma.”

Dereva wangu alikuwa anatazama matairi yake. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba mtu hachukui muda mrefu kuoga maji ya baridi ya mto wa Masisi.

“Hakuna ya kusoma, shefu,” nikasema. “Njo vitambaa vya kazi. Kila chombo iko na kitambaa yake.” Nikaitazama bunduki iliyomlalia begani. “Na hiyo yako inaliwa na kutu. Nipe niisafishe, tungoje komanda.”

Aliitazama bunduki yake kwa haya, kama mtu aliyeambiwa mbele ya wageni kwamba kola yake ni chafu.

“Unajua hii kazi?”

“Baba yangu alikuwa askari.”

Alitoa risasi mwenyewe, akazitia mfukoni, akanipa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nikakaa juu ya jiwe, nikaifungua mgongo jinsi ninavyofungua mgongo wa cherehani, na mikono ikaanza kufanya yale niliyoyafanya kwenye bomba la chuma nikiwa mtoto. Nilikata uzi wa kitambaa cha kwanza kwa meno. Kilikuwa cha yule mwindaji wa Pinga. Nililisoma jina lake moyoni, nikalidondoshea mafuta, nikaliweka kwenye kitanzi, nikavuta mara moja bila kusimama katikati. Kitambaa kilitoka cheusi tititi. Nikakitupa kwenye makaa chini ya mahindi.

“Unachoma kwa nini?”

“Ukiacha kitambaa ya mafuta, inaweza kuwaka yenyewe.”

Hilo ni kweli, baba aliniambia. Yule wa koti akatikisa kichwa kukubali. Nikachukua cha pili. Nililisoma jina, nikatia mafuta, nikavuta, nikachoma. Cha tatu. Cha nne. Sikulia, kwa sababu kazi ya mkono hainiachii nafasi ya kulia, na kwa sababu nilikuwa nimechoka tangu asubuhi, tangu mwaka uliotangulia.

Tatizo lilianza kwenye cha nane. Mtutu ulikuwa umeshakuwa safi. Kitambaa kilitoka na kivuli tu cha kijivu, na jina lote linasomeka, bluu juu ya nyeupe. Nilitaka kukitupa motoni upesi lakini yule mtu akaninyooshea kidole.

“Hiyo bado safi, mama. Weka.”

Nikakiweka juu ya goti, jina limelala chini. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kuomba bunduki maishani mwangu, na ninaomba nisiombe tena. Nikamgeukia mwenzake, nikamwambia, “Na yako, papa. Lete.”

Alileta mbio. Ilikuwa chafu, namshukuru Mungu kwa uchafu ule. Ilimeza majina sita, la kwanza lile lililokuwa gotini. Ikawa safi nayo, nikaomba ya tatu, na mwenye hiyo ya tatu akawa ameshajipanga, kama watu wanavyojipanga kwenye mashine ya kusaga. Nilisafisha vizuri. Ningeweza kusema niliwadanganya, nikapitisha kitambaa ovyo, lakini mafuta na masizi hayaingii kwenye kitambaa kinachopitishwa ovyo. Ili majina yafe ilibidi bunduki zipone. Nilizisafisha kama ambavyo baba angezisafisha.

Kilibaki kimoja, cha mume wa mjane wa Nyamitaba. Nilikuwa nimekiruka tangu mwanzo, nikikisogeza pembeni kila mara, kwa tumaini la kijinga kwamba watachoka na kunifukuza. Bunduki ya tatu ilikuwa safi sasa. Mtu wa nne alikuwa na panga tu. Na kutoka mtoni nilisikia sauti ya mwanaume anapanda akiimba wimbo wa kanisa. Nilikizungushia kidole kile kitambaa, nikakisukuma nyuma kabisa ndani ya bunduki, mle ambamo masizi hujificha na kamba haifiki, nikakisokota mpaka kucha ikauma. Nilipokitoa palibaki herufi moja ya mwanzo. Nikarudisha kidole. Kisha nikakitupa kwenye makaa pamoja na wenzake.

Komanda alifika amelowa kichwa. Alikuta bunduki tatu zinang’aa juu ya nyasi, akakuta sanduku lililojaa makopo yasiyo na neno. Aliyatazama. Nilijua atauliza nini kabla hajauliza.

“Na bunduki iko wapi, mama?”

“Hizi hapa, papa,” nikasema. “Zenu.”

Akacheka sana. Akaamuru mwanzi uinuliwe. Yule wa koti la mvua, kwa shukrani, alinipa hindi moja kutoka kwenye makaa. Lilinuka mafuta ya bunduki. Nililila lote, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Tulivuka vilima viwili. Halafu dereva aliniuliza bila kugeuka kama ninajua nimefanya nini. Nilisema ninajua. Sikuwa namdanganya, lakini bado nalipima jambo hilo kila siku na halikai sawa. Nyumba kumi na tisa hazikubishiwa hodi. Na bunduki tatu zilizokuwa zinaliwa na kutu zilirudi kazini zikiwa nzima, kwa mkono wangu, kwa ufundi wa baba yangu, ambaye niliwahi kufurahi kumwaza amekaa chini ametulia. Sijui zilipiga nani wiki iliyofuata. Ninaona aibu, na aibu hiyo imezeeka pamoja nami. Ndiyo sababu pia katika ukurasa huu hujakuta jina la mtu hata mmoja. Nilishajifunza jina lililoandikwa linaweza kufika mikononi mwa nani.

Sasa ninakaa chumba kimoja kando ya barabara ya Goma, si mbali na Mubambiro, juu ya mawe meusi yanayokula ndala. Ninarekebisha cherehani za wakimbizi wenzangu, zile chache zilizobebwa. Sanduku liko chini ya kitanda. Vyombo vingine bado navijua: kichupa cha shaba ni cha Pinga, brashi ni ya yule mama wa maziwa. Lakini siku ile nilikata nyuzi kwa haraka na kurudisha kila kitu ovyo, na makopo ya midomo miwili yalikuwa saba, mtu na pacha wake. La baba ndilo pekee nililoweza kulitambua.

Mwaka huu, asubuhi moja, mjane wa Nyamitaba alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda, ana kitenge kimoja na viatu visivyofanana. Cherehani aliiacha, nyumba ilichomwa, alikuwa analala kwenye hema na mtoto wa dada yake. Alikuwa amesikia kuna mama fundi hapa barabarani. Nilimpa kiti, akakataa chai.

“Sikuja kukusumbua, dada. Nimekuja kuangalia ile jina kidogo tu. Niiangalie, niende.”

Nilimwambia yote. Bariere, komanda, kidole changu nyuma ya bunduki, makaa. Sikupunguza. Alinisikiliza ameangalia mikono yangu, si uso.

“Ulifanya muzuri,” akasema mwishowe. “Wangekuja kwangu.” Alipangusa macho kwa pembe ya kitenge. “Lakini sasa haiko tena fasi yoyote.”

“Haiko,” nikasema. “Unisamehe, dada.”

“Na kopo yake?”

Nilivuta sanduku, nikayapanga yote saba juu ya mkeka. Sikuwa nimefikiri kulitoa la baba pembeni. Alichuchumaa, akashika moja, akalinusa, akaliweka. La pili, la tatu. La nne lilikuwa la baba. Alilizungusha mkononi na kidole gumba chake kikaingia kwenye kile kibonde, kikatulia.

“Njo hii,” akasema. “Iko na hii shimo. Yeye aliiangushaka, nakumbuka.”

Mumewe hakuliangusha. Lake nililipokea likiwa limenyooka pande zote, nililigeuza mwenyewe mkononi siku ile. Nilimwambia aangalie vizuri, asiharakishe, nikamsogezea mengine matatu yaliyobaki. Nilitaka sana ayatazame. Hakuyatazama.

“Nimeangalia, dada. Kidole yangu inajua.”

Nilikuwa na uhakika wa kopo moja tu kati ya saba, na ndilo alilokuwa ameshika. Ningeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni, fupi, la haki kabisa. Nikakumbuka hindi lile nililolila, lililoiva juu ya jina la mumewe.

“Ndiyo,” nikasema. “Njo yake. Chukua.”

Alipofika mlangoni nilimsimamisha. Nilimweleza desturi ya ule ukoo wa Pinga, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Akasimama hivyo, na viatu vyake visivyofanana, kopo la baba kifuani, akataja jina la mumewe kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Muuza muhogo ng’ambo ya barabara aligeuka.

“Nimelisikia,” nikasema.

Akaenda zake. Nilirudisha yaliyobaki ndani ya sanduku, mojamoja, na kila moja kidole changu kilitafuta pa kuingia kikateleza. Yamebaki sita. Moja kati yao ni la mume wake na sijui ni lipi, kwa hiyo kila Jumamosi ninayapangusa na kuyatia mafuta yote sita.